Tatu Nukta Moja

Kila usiku kifaa kile kilifungua kinywa,
na kabla ya neno la kwanza kikazimia.

Kilikuwa juu ya nguzo, kando ya mto At-Bashy,
na kazi moja tu: maji yakipanda
kitume ujumbe bondeni kwa Burulai wa zamu,
mwenye ufunguo wa king'ora.
Siku kumi na mbili, kimya.

Tuliulaumu mnara. Tukailaumu antena,
tukabadilisha laini mara mbili.
Kalyk, mchunga farasi, akatucheka:
"Simu yangu inashika hata nikiwa chooni."

Mezani kwangu Bishkek kilizungumza bila kukwama,
chai ikifuka mvuke, betri mpya,
waya mfupi kama kidole.
Penye joto kila mtu shujaa.

Usiku wa kumi na tatu nikapanda mwenyewe.
Nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Nikachomeka oskiloskopu kwa vidole nisivyovihisi,
nikangoja kipige.

Nikaona.
Mstari umelala, volti tatu nukta nane,
halafu shimo,
upana wake nusu ya elfu moja ya sekunde,
kina chake: tatu nukta moja.
Chini ya tatu nukta tatu moduli haina fahamu.
Huomba ampea mbili kwa pumzi moja,
na betri iliyoganda hutoa kama bahili msibani.
Na waya, waya niliuchagua mimi,
mwembamba, mita moja na nusu,
kwa kuwa ndio uliokuwepo kwenye droo,
na kwa kuwa nilipiga hesabu ya wastani.
Wastani!
Moto wa nyumba hauzimwi na wastani wa mvua ya mwaka.

Akiba haiozi, nilifundishwa, nikadhani ni habari ya nafaka.
Nikaweka kapasita mbili nene mlangoni pa moduli,
si kando, si ng'ambo ya bodi, mlangoni,
kama pipa la maji jikoni.
Nikapanua njia ya shaba ya kwenda
na, hili nililisahau mwanzoni, ya kurudi,
maana umeme uendao hurudi,
usipoutengenezea njia utajitafutia.
Waya nikaukata. Betri nikaivika sufu
aliyonipa mke wa Kalyk bila kuuliza ya nini.

Mstari haukunyooka, nisiseme uongo.
Ulizama bado, tatu nukta sita, ukainuka.

Saa nane na dakika nne usiku Burulai akanipigia,
sauti nzito ya usingizi:
"Kinasema sentimita arobaini na moja. Ni nyingi?"
"Kidogo," nikasema. "Lala."

Mimi nikabaki pale nguzoni, glavu mdomoni,
nikingoja kiseme tena.