Siku ya Upepo, Kibaigwa

Giza halinisumbui. Upepo ndio unaonipoteza.
Mwezi wa saba unashuka kutoka upande wa Kiboriani
na kuufuta mji wote
kama mwalimu afutaye ubao hatujamaliza kunakili.

Siku tulivu, kila kitu kipo mahali pake.
Kuku wa Mama Nyemo wanaparua majivu.
Hatua arobaini: mashine ya Chiwanga inakohoa kabla ya kusaga.
Hapo ukuta wa ghala unaanza. Sijawahi kuugusa.
Shavu la kushoto linanijulisha: hewa inasimama,
kishindo cha kandambili zangu kinarudi upesi,
kama jibu la mtu asiyengoja swali liishe.
Shavu likipoa, ukuta umekwisha. Napinda.

Fimbo nayo ina maongezi yake.
Mchanga unanong'ona, changarawe inatafuna,
lami haina la kusema; lami ni mgeni rasmi.

Watu hunisifu: masikio yako yamepewa nguvu za macho.
Uongo. Ni masikio yale yale
aliyoyavuta mama siku ndama walipoingia kwenye mtama.
Nimeyapa kazi tu.

Niliona hadi mwaka wangu wa thelathini.
Kisha kope zikageukia ndani, moja moja,
kama mbuzi warudio zizini bila kuitwa,
zikakikwaruza kioo hadi kikawa maziwa.
Kitu cha mwisho nilichokiona vizuri ni ungo,
mtupu, umeegemea tembe ya shangazi.
Tembe ilishabomolewa.
Ungo ninao mpaka leo, nyuma ya paji la uso.

Sokoni nalipwa kwa kusikia.
Mahindi makavu yakimwagwa kwenye debe yanacheka;
yenye maji yanatua kama miguu yenye soksi.
Ndahani wa Mlali alinyunyizia magunia matatu yazidi uzito,
akayaanika juu juu.
Nikazamisha mkono hadi kwenye kiwiko:
katikati ya gunia palikuwa na homa.
Hajanisalimia tangu siku hiyo.

Lakini juzi, upepo.
Natoka sokoni, nikasimama kando ya barabara kuu.
Lori lenye shehena nalijua kwa nyayo kabla ya masikio;
lililo tupu hupita likigongana meno.
Juzi upepo ulilichukua lori la kulia ukaliweka kushoto,
ukaichana honi vipande vipande.
Nikatulia. Nikasubiri.
Mkono ukanidaka kiwiko, bila hodi,
ukanikokota hatua sijui ngapi, ukaniachia.
"Umeshavuka, mama," akasema,
akaenda zake na thawabu zake.

Sikuwa navuka. Nilikuwa nasikiliza.

Sasa niko wapi?
Jua la saa kumi limekaa sikio la kulia;
nikielekea nyumbani huwa la kushoto.
Basi nimegeuzwa kama chapati.
Nikajigeuza mwenyewe. Nikangoja upepo uvute pumzi,
maana nao huchoka,
na katika upenyo ule, mdogo kama tundu la shazia,
nyayo zikaniambia: lami imelala.
Nikavuka.

Mashine ya Chiwanga sikuisikia. Kuku walishajificha.
Kilichonipokea ni bati la Mama Nyemo,
lile lililolegea kwenye kona ya jikoni.
Siku tulivu ni bubu;
upepo ukivuma linaita, linaita, linaita,
nami nalifuata kama ndama.

Miaka mitatu nimemwomba asiligongelee.
Leo mumewe kaja na misumari mfukoni,
naisikia ikigusana anapotembea.
Tumekaa. Tunajadiliana.