Mnong'onezi

Kazi yangu ni shimo.
Kisanduku chini ya jukwaa, hapa Trieste,
upana wake mabega yangu na kitabu,
na tundu mbele, usawa wa viatu vya waimbaji.
Miaka thelathini na moja nawapa watu maneno
kabla hawajayahitaji.
Ninyi mnaona taji. Mimi naona pini
iliyoshika pindo, soksi iliyotoboka,
mate yakiruka kwenye mwanga.

Ersilia Bonazza ana miaka hamsini na minane
na goti bovu.
Kabla ya pazia hula nusu ya tufaha;
nusu ya pili huniachia ukingoni mwa shimo,
imeshaanza kuwa kahawia.
"Nipe lile la kwanza tu, Ottorino," husema,
"mengine yatafuatana yenyewe kama bata."

Lile la kwanza ni *bado*.
Wamemwambia mama: mwanao kapigwa risasi alfajiri,
chukua shati lake. Naye analikunjua,
anaitazama kola, anasema: bado.
Ndiyo aria nzima. Dakika saba za bado.

Jana upepo ulikuwa unang'oa vigae.
Zumari ikamaliza. Fimbo ya mwongoza okestra
ikabaki hewani.
Nikanong'ona: bado.
Hakulichukua.
Nikanong'ona tena. Akanitazama
kama mtu anayechungulia kisima kujua kina chake,
nikatambua hajasahau kitu.
Alikuwa anangoja tuishiwe pumzi sote.

Kisha likaja,
jembamba, uzi uliopita tundu la sindano
bila kulambwa ncha.
Sikulisikia kwa masikio. Mbao ndizo zilizosikia,
zikanipasha habari kwa magoti, kwa meno.
Na alipofika juu, kule ambako wengine hupiga ukelele,
yeye akapunguza.
Akapanda huku akipunguza, akapanda,
mpaka ukumbi mzima ukainama
kama watu wanaotafuta kishikizo kilichoanguka.

Roshani ya juu kabisa, kwa wale mahasidi
waliomzomea mwenzake wiki jana hadi akalia,
Drago kinyozi alikuwa ameuma kofia yake.
Zimamoto wa pembeni, mtu asiyependa muziki,
aliikumbatia ndoo yake ya mchanga
kama amepewa mtoto ashike kidogo.

Nami nikapoteza ukurasa.
Ubeti wa pili ukafika, kinywa changu ki wazi,
hakina neno la kumpa mtu.
Akagonga mbao kwa kisigino, mara mbili, taratibu,
kama unavyomwamsha aliyesinzia kanisani,
akaendelea.
Huenda hakuwahi kunihitaji.
Huenda miaka yote ile alikuwa ananistahi tu.

Makofi siyakumbuki.
Nilikula ile nusu ya tufaha, na mbegu zake.

Nje walikuwa wamefunga kamba kando ya barabara
watu wasipeperushwe. Nikazishika mpaka kwangu.
Nevenka alikuwa jikoni, supu imeiva.
"Mkate umenunua?"
Nikafungua kinywa.
"Bado," nikasema,
na sauti ikanikatikia hapo hapo, kwenye herufi ya mwisho.

Akazima jiko.
Akanivua koti, mkono mmoja, halafu mwingine.
Ya mkate hakuyauliza tena.