Mdhamini

Barua ya shemasi mkuu ililetwa na bodaboda,
imekunjwa ndani ya kofia ya chuma:
kanisa lenu dogo la Ombavu
halihesabiwi tena katika makanisa,
lifanyieni mtakalo,
isipokuwa pombe,
isipokuwa disko.
Tuliisoma mara mbili tukitafuta neno pole.

Miaka sita waumini walikuwa popo,
tangu lilipojengwa lile kubwa kule chini,
la bati la buluu na vipaza sauti.
Maji hufuata mkondo; watu wakafuata lami.

Baba alikuwa msomaji hapa, miaka thelathini na mmoja.
Ufunguo mmoja, shingoni, hata akioga.
Tulimzika nao, hakuna aliyekumbuka,
kwa hiyo Afeku alikuja na mashine yake ya kukatia chuma.
Cheche ziliruka. Wazee wakavua kofia
kama vile anayekatwa ni mtu.

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza.
Kisha toroli kumi na nne za mavi ya popo.
Feni alizichukua zote, akasema
muhogo wake mwaka huu utaimba zaburi.

Tukagombana, naam.
Vijana walitaka mpira wa Ulaya, shilingi mia tano mlangoni.
Driciru alitaka ghala la mbegu, pakavu, pasipo panya.
Mmoja alisema tuliache lianguke lenyewe, kwa heshima.
Onziru hakusema kitu.
Alipanda juu ya benchi, akatundika mizani ya watoto
kwenye ndoano ya taa ya karabai,
akamning'iniza mjukuu wake, miguu ikipiga hewa.
"Kilo sita na robo!"
Tukaitikia Amina,
kwa mazoea tu,
halafu tukacheka mpaka yule mtoto naye akanyamaza kutuangalia.

Madhabahu hakuna aliyethubutu kuyabomoa.
Ni udongo tu, baba aliyafinyanga kwa mikono yake,
alama za vidole bado zipo upande wa ukutani.
Juu yake tumeweka sanduku la akiba,
kufuli tatu, wanawake watatu, pembe tatu za kijiji.
Mungu alitosheka na ufunguo mmoja.
Fedha zetu hazitosheki.

Na daftari.
Lilikuwa kabatini, jalada limeliwa na mchwa.
Mwandiko wa baba, herufi zimeinama kama watu wapandao mlima:
Jina. Mzazi. Mdhamini.
Ukurasa kwa ukurasa, kijiji kizima kikiloweshwa kichwa.
Kisha kurasa kumi na moja nyeupe.
Ni miaka ile tuliyokuwa ng'ambo ya mpaka, Zaire,
tukizaa chini ya majani ya migomba ya watu,
na baba alipotuongoza kurudi
aliruka kurasa hizo, akaendelea mbele,
akiwawekea nafasi waliozaliwa huko
waje wenyewe, siku yao, waandikwe.
Hakuja mtu.
Hata mimi sikuja, binti yake,
niliyelala miaka yote hatua arobaini kutoka kabati hilo.

Daftari jipya ni elfu kumi na mbili mjini.
"Hizi karatasi si zipo?" Driciru akasema.
"Na mistari imeshapigwa."

Nikakaa. Kalamu ilikataa kwanza, nikaipuliza.
Jina: Ajidiru.
Mzazi: nikaandika la baba, polepole,
nikiinamisha herufi.
Mdhamini: Onziru akasogea, mikono ina unga,
akabonyeza dole gumba.
Shilingi elfu themanini, mbegu za vitunguu,
kurejesha baada ya mavuno.

Nje Afeku alikuwa anajaribu kufuli mpya,
anafunga, anafungua, anafunga,
na popo mmoja, aliyesahau kwamba tumemfukuza,
akapita juu ya mizani, ikatikisika kidogo.