Dakika Arobaini

Usiku wa Oulu, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
theluji imekauka hadi inalia chini ya buti kama chumvi.
Chini yake, mabomba mawili mawili,
moja la kwenda, moja la kurudi,
na lirudilo ndilo lisemalo kweli.

Eetu, mwezi wa pili kazini,
anaona namba ya Hiukkavaara ikishuka.
Sitini na nane. Sitini na sita.
Anafungua vali. Anangoja. Sitini na tano.
Anafungua tena. Tena.
Nani angemlaumu? Mkono umetenda, skrini haijibu.

Lakini maji hayana mbawa.
Toka tanuri la bandarini hadi mwisho wa mtandao
ni dakika arobaini,
na amri zake tatu zimo njiani, zimefuatana gizani,
hakuna inayojua kwamba nyingine imetumwa.
Zikafika. Tisini na nne.
Akafunga. Akafunga mno.
Sasa baridi nayo imeanza safari yake
na mji unayumba, joto, baridi, joto,
kila wimbi refu kuliko lililopita.

Irmeli Kokkoniemi hakupaza sauti.
Alivuta kiti, akageuza risiti ya kahawa,
akaandika mlinganyo mmoja kwa penseli butu:
joto la sasa ni amri ya zamani.
"Unabishana na mtu aliyekwisha kuondoka," akasema.
"Toa kwanza ulichokwisha kutuma. Kinachobaki, gawa kwa tatu."
"Halafu?"
"Halafu kalia mikono yako."

Mafundo mia tatu na kumi na mawili;
ukilegeza hapa, pale kunakaza.
Kwenye matrisi mji wote ni uwanda wa sifuri
na namba chache zilizotawanyika
kama madirisha yenye taa.
Irmeli husoma humo kipi kitatulia,
kipi kitakua hadi kivunje kitu.
Miaka thelathini, na bado akimaliza kukokotoa
huchungulia nje.

Wahenga walinena, maji ya moto hayachomi nyumba.
Hawakusema yanavyochelewa kuipasha.

Saa kumi alfajiri mstari ukaanza kulala.
Sabini na tisa. Themanini. Themanini.
Eetu, mikono chini ya mapaja, ganzi tupu.

Saa kumi na mbili simu ikalia:
Aarne Pikkarainen, nyumba ya mwisho
kwenye bomba la mwisho, analalamika.
Si baridi, hapana.
Rejeta ya chumbani inagonga, anasema,
kama kuna mtu ndani
aliyefika usiku
na hajafunguliwa.