Shimo la Festus Lavelle

Jumatatu saa tatu, chumba cha nyuma cha duka la dawa,
kiti kimoja changu, viwili vyao, hita inayonuka vumbi.
Wa kwanza ni Festus Lavelle, kama wiki iliyopita,
kama wiki iliyoitangulia.
Haketi. Anatoa picha mfukoni:
shimo la barabarani mbele ya geti lake,
na rula ya shule imesimamishwa majini.
"Inchi saba, Mheshimiwa. Mwezi wa pili zilikuwa tano.
Angekuwa mtoto tungemfanyia sherehe."

Naandika: Lavelle, shimo, inchi saba.
Kisha mama wa nyonga, mtu wa mia mbili na kumi na mbili
katika foleni ya upasuaji.
Kisha kijana asiyetaja shida yake,
dakika kumi anasifu zulia,
mpaka nikafunga mlango, akalia.
Hilo sikuliandika.

Treni ya Ballina haisubiri jua.
Muswada wa ufugaji wa samaki una kurasa mia na arobaini;
kwenye ya tisini nikainua macho:
mto Shannon umevunja kingo,
ng'ombe sita wamebaki juu ya kipande cha majani
wakilitazama behewa letu
kama wapiga kura.

Dublin tunapiga kura kwa kitufe.
Kengele ikilia tunapanda ngazi mbio,
watu wazima wenye tai na presha,
kama watoto waliochelewa paredi.
Jumatano ililia mara kumi na moja.
Ile ya tisa sikujua tunaulizwa nini;
mnadhimu wa chama akaniinulia kidole gumba kutoka ng'ambo ya ukumbi,
nikabonyeza.
Baadaye nikaitafuta karatasi nijue nimeamua nini.
Ilihusu mbwa.

Alhamisi, inakaribia saa tano usiku, nikapewa dakika mbili.
Ukumbini tulikuwa wanne:
mmoja amelala, mmoja ni mimi.
Nikaisema nyonga. Nikalisema shimo, na inchi zake.
Naibu waziri akainuka, akasoma:
"Suala la Mheshimiwa linashughulikiwa,"
maneno yale yale aliyomsomea mbunge wa Kerry kuhusu gati.
Haba na haba, naam,
lakini kibaba hiki kimetoboka.

Mazishi mawili Ijumaa.
Huku kwetu asiyekuja kuzika haji kuomba kura,
na kuna siku, siikumbuki ipi,
niliacha kujua naenda kwa sababu gani.
Foleni ya rambirambi, mvua ya mshazari.
Mjane akaushika mkono wangu, akanivuta karibu, akanong'ona:
"Alikuchukia, unajua. Lakini angefurahi umekuja."

Siku iliyofuata nilikata utepe wa choo cha uwanja wa mpira.
Tukapiga makofi. Mtu akavuta maji, tukapiga tena.

Jumapili simu ililala kwenye droo ya visu.
Eunan akachemsha viazi.
"Wiki ilikuwaje?"
"Ilihusu mbwa," nikamwambia,
akanitazama, akaongeza siagi.

Usiku nikakumbuka faili nililolisahau kwa dada yangu, nyuma ya kilima,
na njia fupi ni ile ya Lavelle.
Gurudumu likazama. Chuma kikapiga ukelele.
Nikashuka na tochi.

Bata wa plastiki, wa manjano, anaelea shimoni,
amefungwa kamba kwenye jiwe asipotee.
Kando yake, rula.
Nikachuchumaa na viatu vya kanisani.
Inchi nane na nusu.

Taa ya jikoni kwa Festus iliwaka, ikazimika.
Hakutoka. Yule anajua kungoja.

Nikapiga picha. Nikarudi garini,
maji yakinishuka shingoni,
nikaanza barua kwenye simu:
"Kwa Mheshimiwa Mbunge, Sorcha Heneghan.
Nakuandikia kuhusu shimo."
Nikasita.
Kisha nikaandika kama wanavyoandika wote,
hata mama wa nyonga,
hata wenye haki kuliko mimi:
"Samahani kwa usumbufu."