Daftari la Makosa

Ziemowit, mwalimu wetu, ana umri wa mwanangu
na daftari la jalada la kijani
ambamo hamna jibu hata moja.
Kila ukurasa ni kosa la mtu:
la Dobrosława, mkata tiketi za tramu,
aliyefungua mabano akasahau kuyafunga,
kama mlango wa friji ulioachwa wazi usiku kucha;
na langu.

Nimeshona mapazia hapa Łódź miaka ishirini na saba,
hadi kiwanda kilipouzwa kikawa hoteli.
Kuhesabu, nilidhani, nakujua.
Jumatatu ya kwanza, theluji imeziba madirisha ya maktaba,
nikapanga vitambaa kumi kwenye orodha,
nikaiomba kompyuta nambari moja.
Ikaniletea cha pili.
Nikaomba nambari kumi. Hakipo, ikasema.
Hakipo! Nimekipanga kwa mkono wangu!

“Cha kwanza kimekaa kwenye sufuri,” alisema Ziemowit,
“kinakungoja.”
Akaandika tarehe, akaandika jina langu,
kwa mwandiko mzuri, kama wa cheti.

Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.
Basi sisi tuna hatia,
maana anatutuma turudie:
vunja tena, kwa makusudi, polepole,
uone linapovunjikia.
Nikaondoa mstari unaoongeza hesabu,
na kitanzi kikakosa mwisho:
shona shona shona shona
skrini nzima, feni ikilia,
nami nikakumbuka pedali iliyonasa mwaka ule,
sindano ikapita kwenye ukucha,
na msimamizi akauliza kwanza kuhusu kitambaa.
Kosa lile halikupewa ukurasa.
Lilikatwa kwenye mshahara.

Jana nilifunua ukurasa wa mwanzo kabisa.
Mwandiko wa mtoto: Ziemowit, miaka kumi na mitano.
Palipotaka alama mbili za sawa ameweka moja;
badala ya kuuliza nenosiri kama ni lenyewe,
akalifanya liwe lenyewe,
na mlango ukamfungulia kila aliyebisha.
Nikacheka hadi mkutubi akanitazama.

Usiku, jikoni, chai imepoa,
programu yangu ilikubali mara ya kwanza.
Vitambaa kumi, kimoja kimoja, kuanzia sufuri.
Sikuiamini.
Nikaikodolea macho kama mshono ulionyooka kupita kiasi,
nikaanza kutafuta pa kuvuta uzi.