Kurasa Tisa

Wizara imenipa kurasa tisa nizitafsiri,
kanuni za kupanga upya madeni ya nchi,
zifike Ijumaa.
Umeme umekatika Ujiji tangu adhuhuri.
Naandika kwa kalamu uani kwa mama,
kwenye meza yenye alama za madumu,
duara jekundu juu ya duara jekundu.

Ukurasa wa kwanza: nchi haifilisiwi.
Najaribu maneno. Haipigwi mnada. Haizikwi.
Haihami usiku na mikeka kichwani.
Italala na deni, itaamka nalo,
na mtoto atakayezaliwa kesho Maweni
jina lake limeshatangulia daftarini.

"Mama, mtu akikopa kwa wengi, akashindwa,
kile kikao mnakiitaje?"
Anachuja mawese, hainui kichwa.
"Kikao gani? Cha Ruhomvya?"

Nakikumbuka. Michikichi ilizaa kiduchu mwaka ule.
Wadai kumi na wanane, kuanzia muuza madumu
hadi shemeji yake mwenyewe.
Ruhomvya aliweka daftari wazi hapa hapa,
hata deni la pombe ambalo mkewe hakulijua.
(Pembeni naandika: uwazi.)
Dawa ya deni kulipa, alisema mama,
lakini dawa humezwa na aliye hai.
Mwacheni na kinu. Ukimnyang'anya kinu
atakulipa kwa mate?
Wakakubali nusu, kwa misimu minne,
na shemeji asitangulizwe kwa ushemeji wake.
Mikono kumi na sita ikanyooka.
Wa kumi na saba aliona haya, akafuata.

Wa kumi na nane alikuwa Mwavita,
mgonjwa, hakuja.
Karatasi yake alishaiuza kwa kijana wa Kasulu
kwa bei ya debe moja la dagaa.
Kijana hakuwahi kumkopesha Ruhomvya
hata njiti ya kibiriti.
Alikuja na karatasi, na mgambo wawili,
akataka yote, na riba, tangu siku ya kwanza.
Kinu kilipakiwa kwenye mkokoteni saa nne asubuhi,
tukitazama,
na nusu yetu ikaondoka nacho.

Ukurasa wa nane.
"Soma tena," anasema mama.
Nasoma: walio wengi wakiafikiana,
mmoja asiwakwamishe.
Sasa ameweka kichujio chini.
"Na huyo mmoja, nani atamshika mkono?"

Napekua mbele, narudi nyuma.
Kurasa hazisemi.
Zinasema inafaa, inapendekezwa,
ni vyema.
Kwa nia njema, zinasema, mara tatu.

Nimeandika *lazima*.
Nimelikata.
Nimeandika *inafaa*, mkono ukanikataa.
Mama amepita na dumu, tone limeanguka
pale pale kwenye neno, likatambaa.
Wizara na wasome wanavyoona.

Ruhomvya siku hizi anabeba mizigo bandarini.
Kwa mama bado anadaiwa elfu arobaini.
Kila mwezi analeta mia tano,
na mama kila mwezi anaandika.